Kumpa Mtoto Habari ya Msiba

Yapo majukumu ambayo humfika mwalimu mpya kabla hajazoea hata majina ya wanafunzi wake. Mojawapo ni hili: mjomba wa mtoto anapiga hodi darasani, anamwita mwalimu kando, na kumnong'oneza kwamba baba wa mtoto huyo amefariki dunia. Mwalimu anarudi ndani, naye mtoto anamtazama. Aseme nini?

Wengi hudhani kwamba jambo kama hilo halifundishiki. Kwamba mtu ama anao moyo wa huruma au hana. Sisi hatuafiki dhana hiyo. Huko Marekani, mwaka 2005, daktari Cherri Hobgood na wenzake walichapisha utaratibu uitwao GRIEV_ING, wa kuwafundisha madaktari wa idara ya dharura namna ya kuwaarifu jamaa kwamba mgonjwa wao amekufa. Mwaka 2013 ilichapishwa taarifa ya mafunzo hayo kwa wahudumu wa magari ya wagonjwa, ambao mara nyingi hukutana na kifo nyumbani mwa watu.

Kila herufi ya jina hilo ni hatua. Mhudumu huwakusanya jamaa. Huita wa kuwasaidia. Hujitambulisha, humtaja marehemu kwa jina na kuuliza wanajua nini hadi hapo. Hueleza kwa ufupi yaliyotokea. Kisha husema wazi kwamba mtu huyo amekufa. Kile kistari katikati ya jina ni nafasi ya kunyamaza. Ndipo huuliza kama wana maswali, huwaeleza mambo ya lazima kama mazishi na vitu vya marehemu, na mwisho huwapa njia ya kumpata wakimhitaji. Hatua hizo hazikaririwi tu, bali huigizwa.

Tukiutazama utaratibu huo kwa makini, sehemu yake tunaijua tangu zamani. Wazee wetu hawampi mtu habari ya kifo akiwa peke yake njiani. Humkalisha, wakaita ndugu. Hilo tulishike. Lakini ipo desturi nyingine ya kumwambia mtoto "mgonjwa amezidiwa, twende nyumbani", au "mama amesafiri", au "amelala". Nia ni njema, lakini madhara yake si madogo. Mtoto hukuta vilio uani, akatambua kwamba aliowaamini walimficha. Na mdogo aliyeambiwa kwamba mama amelala huweza kuogopa usingizi, au kukaa akimngoja aamke.

Hatusemi kwamba mwalimu ajitwalie kazi ya jamaa. Kwanza awaulize ni nani atakayesema. Wakimwomba aseme yeye, au asimame kando yao, awe tayari. Amtoe mtoto darasani bila kumtangaza, amkalishe penye faragha, atumie maneno machache: "Baba yako alikuwa mgonjwa sana. Leo asubuhi amekufa." Kisha anyamaze. Asikimbilie kumwambia asilie.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba, kabla ya mazoezi ya kufundisha, kila kundi la wanachuo litenge kipindi kimoja cha igizo dhima juu ya jambo hili. Mmoja awe mwalimu, wa pili mtoto, wa tatu mjomba, na wengine watazame na kusahihisha. Kigugumizi na kitokee hapo chuoni, mbele ya wenzetu, kisije kikatokea mbele ya mtoto.