Mkanda Bila Mahali pa Kufungwa

Katika mjengo mmoja wa nyumba za kupangisha hapa mjini Kakamega, ambao sitautaja, mwenye ploti na mwanakandarasi wake walikaa chini na makadirio ya gharama, wakatafuta pa kupunguza. Vigae vilibaki. Geti lilibaki. Kilichofutwa ni mstari mmoja uliohusu kamba za usalama za muda na vishikizo vyake kwenye nguzo. Badala yake zilinunuliwa hanesi, ile mikanda ya usalama ya mwili mzima, zikagawiwa mafundi. Kijana mmoja wa kufunga mbao za slabu akaivaa ya kwake, akapanda hadi ukingoni mwa ghorofa ya tatu, akaishika ndoano mkononi na kuuliza: "Mkubwa, hii nifunge wapi?" Foromani akamjibu: "Funga popote, bora kazi iende."

Uamuzi ule ulikuwa mbaya, na ubahili ni sehemu ndogo tu ya ubaya wake. Watu wale wamevalishwa vazi la usalama huku wakinyimwa kitu pekee kinacholifanya vazi lile liwe na kazi. Mtu asiye na mkanda anajua yuko hatarini, kwa hiyo hujihadhari na ukingo. Aliyevaa mkanda ambao haujashikwa na chochote anausogelea ukingo kwa ujasiri aliopewa bure.

Kakamega inakwenda juu. Tangu Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kikue, maeneo ya Lurambi, Kefinco na Sichirai yamejaa hosteli na fleti za ghorofa nne, tano. Ni majengo ya konkriti ya kumwaga papo hapo: nguzo, boriti, slabu, kisha nguzo tena. Kazi hii ina hatari yake hata kukiwa kukavu, na hapa kwetu ukavu haudumu. Mvua hunyesha alasiri nyingi kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mbao za slabu hupakwa oili chafu ya magari ili zisishikane na konkriti, na oili hiyo ikikutana na maji, ubao wa ukingoni hauwezi kukanyagika. Fundi yuko juu yake na nyundo, mita tisa kutoka ardhini, na mbele yake hakuna kizuizi.

Wapo watakaosema kizuizi cha ukingoni ni bora kuliko kamba, na wana haki. Mahali panapoweza kuwekwa vizuizi imara, viwekwe, kwa sababu humkinga kila apitaye bila kumtaka akumbuke kujifunga. Lakini pale mbao zinapofungwa au kufunguliwa, ukingo husogea kila saa, na kizuizi cha leo asubuhi kinakuwa kikwazo cha kazi ya mchana. Hapo ndipo kamba ya muda inapohitajika.

Hoja nyingine zinazotolewa ni nyepesi. Kwamba ni ghali: ndiyo, zina bei, kama zilivyo na bei saruji na vyuma, na hakuna mwenye ploti anayefuta vyuma. Kwamba mafundi wenyewe hawazipendi kwa kuwa zinawachelewesha: mkanda usio na pa kufungwa hakika unachelewesha, nani aupende? Kwamba baba zetu walijenga bila kamba: baba zetu hawakujenga ghorofa tano Lurambi.

Hoja iliyobaki ndiyo inayoamua jambo lote, nayo ni kishikizo, yaani mahali kamba inapokamatwa.

Tuanze na nguvu. Ukanda unaoiunganisha hanesi ya kisasa na kamba huwa na kipande kilichokunjwa na kushonwa, ambacho hufumuka mtu anapoanguka ili kupunguza mshtuko. Kwa viwango vya Ulaya kipande hicho hakitakiwi kuruhusu nguvu ipite kilonyuton 6, sawa na uzito wa kilo 600 hivi. Mtu akisikia kilo 600 hudhani nguzo yoyote itazibeba. Sasa chukua kamba ya waya iliyolazwa kati ya nguzo mbili zilizoachana mita 9, na fundi ameanguka akiwa amejifunga katikati yake, akiivuta kwa kilonyuton hizo 6. Ikiwa imebonyea sentimita 45, hesabu ya pembe inaonyesha kwamba kila upande wa waya unavutwa kwa takriban kilonyuton 30, yaani tani tatu. Ukiikaza zaidi ili kubonyea kwake kupungue, mvuto unapanda badala ya kushuka. Aliyewahi kuanika blanketi bichi kwenye kamba iliyokazwa na kuona misumari ikichomoka ameliona jambo hili nyumbani kwake. Kamba iliyonyooka vizuri, ambayo foromani anaisifu kwa macho, ndiyo inayoweza kung'oa vishikizo vyake.

Tani tatu hazifungwi popote. Hazifungwi kwenye jukwaa la miti ya mikaratusi lililoshikwa kwa misumari. Hazifungwi kwa kamba ya manila ya kufungia ng'ombe. Na hazifungwi kwenye vyuma vya nguzo vinavyochomoza juu ya slabu, ambako mafundi wengi hutundika ndoano kwa kukosa pengine. Chuma hicho kiko wazi juu. Kikivutwa na uzito wa mtu aliyeanguka nje ya ukingo kinapinda kuelekea huko huko, na ndoano inateleza hadi ncha na kutoka.

Kishikizo cha kweli kinaandaliwa kabla ya konkriti kumwagwa. Njia mojawapo ni tanzi la ukanda mzito linalozungushwa kwenye vyuma vya nguzo ndani ya fomu, yaani mbao za kuumbia konkriti, ncha yake ikaachwa nje. Konkriti ikishashika, tanzi hilo ndilo linalobeba kamba, na kazi ikiisha ncha inakatwa. Njia nyingine ni kuizungushia nguzo nzima ukanda wa kubebea mizigo, lakini iwe nguzo iliyokomaa. Konkriti ya kawaida hufikia takriban theluthi mbili ya nguvu yake baada ya siku 7, na nguvu inayohesabiwa na mhandisi ni ya siku 28. Hapa kwetu fomu ya nguzo hufunguliwa kesho yake, na kesho yake hiyo hiyo fundi anajifunga kwenye nguzo hiyo kana kwamba imekuwepo mwaka mzima.

Kuna pia urefu wa kuanguka. Ukanda wa mita 2, kufumuka kwa kile kipande kunakoweza kufikia mita 1.75, kimo cha mtu kuanzia hanesi inaposhikwa na ukanda hadi miguuni mita 1.5, na mita moja ya akiba: jumla inapita mita 6, kabla hujahesabu kubonyea kwa waya. Ghorofa moja ya fleti zetu ni kama mita 3. Aliye kwenye slabu ya kwanza akijifunga namna hiyo atafika chini kabla mkanda haujamshika. Huyo anahitaji ukanda mfupi unaomzuia asifike ukingoni kabisa, na urefu wake unategemea kishikizo kiko wapi. Nani atakayepanga hilo, kijana wa kufunga mbao akiwa juu na oili viganjani? Hiyo ni kazi ya mhandisi, mezani, akiwa na mchoro mbele yake.

Ndiyo maana siwezi kuvumilia maneno yanayosemwa mtu anapoanguka. Husemwa hakuwa amevaa mkanda. Au alikuwa ameuvaa lakini hakujifunga, uzembe wake. Ajifunge wapi? Mwonyesheni! Pandeni pale juu, mwenye ploti, mwanakandarasi na msimamizi, mkaonyeshe kwa kidole kishikizo kilichochorwa, kikakaguliwa, kikatengwa kwa ajili ya mtu yule. Kama hakipo, basi walioandika makadirio ya gharama ndio waliozembea, na walizembea wakiwa wamekaa vitini. Kumtwika lawama mtu aliyelazwa na uti wa mgongo uliovunjika ni ukatili.

Sheria haijakosekana. Kanuni za kazi za ujenzi zipo tangu 1984. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtwika mwenye mahali pa kazi wajibu wa usalama wa wote wanaofanya kazi hapo. Kanuni za Kitaifa za Majengo za 2024, zilizoanza kutumika Machi 2025, zimechukua nafasi ya zile za 1968. Sheria ya fidia, nayo ya 2007, inaweka malipo ya ulemavu kamili wa kudumu kuwa mapato ya miezi 96. Kwa anayepata shilingi 18,000 kwa mwezi hiyo ni shilingi 1,728,000, na mwenye mjengo anayelalamikia bei ya waya na matanzi aitazame hesabu hiyo taratibu. Shida ni kwamba vibarua wengi huokotwa getini alfajiri bila jina kuandikwa popote, na familia zao hazijui zianzie wapi kudai.

Jengo likiporomoka, kama lile la Huruma, Nairobi, Aprili 2016 lililoua watu wapatao 50, viongozi hufika na tume huundwa. Anayeanguka kutoka slabu huanguka peke yake, na mjengo hufunguliwa tena wiki hiyo hiyo. Kwa hiyo ukaguzi wetu umebaki kwenye vinavyoonekana kutoka barabarani: kofia, koti la kung'aa, buti, bango la mradi. Afisa anayehesabu kofia getini hajakagua ukingo.

Dawa haihitaji sheria mpya wala ofisi mpya. Kabla slabu haijamwagwa mhandisi hupanda kukagua vyuma, na huwa na karatasi yake ya kutia sahihi. Aongeze mstari mmoja: nguzo zipi zina matanzi, kamba itapita wapi, ukanda uwe wa urefu gani kwa ghorofa ile. Maafisa wa kaunti, wa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi na wa idara ya usalama kazini wakifika, waombe karatasi hiyo kabla ya kuhesabu kofia, na pale mstari huo ulipo mtupu mashine ya konkriti isiwashwe.