Hoki ya mezani si mchezo wa watoto

Jamani, kuna kicheko kimenichosha. Ukitaja hoki ya mezani mbele ya watu wazima, unaulizwa, "Huo si mchezo wa watoto?" Halafu ha ha ha. Leo nabishana na hicho kicheko.

Kwa wasioufahamu: ni meza ndogo iliyotengenezwa mfano wa uwanja wa barafu. Kila upande una wanasesere 6, kipa akiwemo, na kila mmoja ana fimbo yake ya chuma. Ukiisukuma fimbo, mwanasesere anakwenda mbele kwenye mfereji wake. Ukiizungusha, anageuka na kupiga kisahani cha plastiki. Fimbo 6, mikono 2. Piga hesabu mwenyewe.

Huko Uswidi, Norwe, Denmark na kwa jirani yao Ufini, watu hufanyia mchezo huu mazoezi kwa miaka mingi. Mechi ni dakika 5. Bao linalofungwa kabla ya sekunde 3 kupita tangu kisahani kidondoshwe katikati halihesabiwi. Kisahani kikiingia langoni kikaruka nje, hakuna bao. Ubingwa wa dunia ulianza Stockholm mwaka 1989, shirikisho la kimataifa, ITHF, likaundwa 2005, na wachezaji hupangwa kwa orodha ya ubora ya dunia.

"Lakini hawatoki jasho!" Na mlenga shabaha wa Olimpiki anatoka jasho gani? Kama kipimo ni jasho, basi hamali wa bandarini angekuwa na medali kabatini.

"Lakini ulianza kama mwanasesere wa watoto!" Kweli kabisa. Donald Munro wa Toronto, Kanada, aliunda meza ya namna hii miaka ya 1930 kwa ajili ya wanawe. Na mpira wa kikapu je? Mwaka 1891 ulianza kwa vikapu vya matunda. Mbona huo hamuucheki?

Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na kazi hiyo imenifunza jambo moja: kompyuta mbili huelewana kwa kuwa zimekubaliana kanuni, si kwa kuwa ni kubwa. Michezo ni vivyo hivyo. Mashindano ya ITHF huchezwa kwenye meza za Stiga, kampuni ya Uswidi. Mchezaji wa Helsinki akifika Stockholm anakuta meza aina ileile na sheria zilezile. Akifungwa, amefungwa, hana pa kusingizia. Hapo ndipo kichezeo kinapogeuka mchezo wa mashindano.

Mkitaka kuwakosoa, haya, nawaonyesha pa kugonga. Kete za sataranji fundi yeyote anaweza kuzichonga. Meza ya hoki hutoka kwa mtengenezaji mmoja. Siku akibadilisha umbo la fimbo au la wanasesere, mabingwa itabidi waifunze mikono yao upya. Siku akifunga kiwanda, je? Sisi watu wa programu tunaijua hofu hiyo: kujenga nyumba yako juu ya kiwanja cha mwenzio. Kwa maoni yangu, vipimo vya meza vingekuwa mali ya wachezaji wenyewe, na kiwanda chochote kiruhusiwe kuitengeneza.

Huo ndio mjadala unaostahili muda wetu. Kicheko kiwekeni kando.