Mche wa Asha na Maji ya Mohoro



Katika ukurasa huu wa familia tumezoea kuzungumzia malezi, ndoa, mirathi na haki za jirani. Wiki hii tunawaletea habari ya filamu, tena ya kubuni, tena ya mambo yajayo. Tunajua wapo wazee wetu ambao wakisikia neno filamu hulikunja gazeti. Tunawaomba walikunjue. Filamu yenyewe ina urefu wa dakika 21 tu, jina lake ni la Kiswahili, na jambo linalosemwa ndani yake ni maji. Kwetu Mohoro hakuna anayeweza kujifanya kuwa maji hayamhusu.

Filamu hiyo inaitwa Pumzi. Ilitungwa na kuongozwa na Wanuri Kahiu, mwanamke wa Kenya, ikapigwa Afrika Kusini, na Januari 2010 ikaoneshwa katika tamasha la Sundance huko Marekani. Kabla yake, mwaka 2008, Kahiu alikuwa ametoa filamu iliyohusu shambulio la bomu la Nairobi la Agosti 7, 1998, siku ambayo Dar es Salaam nayo iliumia. Mwaka 2009 akatoa filamu ya hali halisi juu ya marehemu Wangari Maathai, yule aliyeanzisha mwaka 1977 harakati za kupanda miti nchini Kenya na kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Anayelijua hilo hatashangaa kuona Pumzi imejengwa juu ya mche mmoja.

Wajuzi wa sinema huiweka katika bunilizi za kisayansi, na kwa upande mmoja inagusa ile aina iitwayo saibapanki: hadithi za miji ya kesho ambamo mitambo imepanda juu na utu umeshuka chini, na aliyeshika mitambo ndiye aliyeshika roho za watu. Filamu mashuhuri ya aina hiyo, Blade Runner ya mwaka 1982, ina mji ambao mvua haikomi kunyesha. Katika Pumzi hakuna hata tone.

Kisa ni hiki. Imepita miaka 35 tangu Vita ya Tatu ya Dunia, ambayo wao wanaiita Vita ya Maji. Nje ni jangwa. Watu waliobaki wanaishi ndani ya mji uliofungwa uitwao Maitu, wakizalisha umeme kwa kukimbia juu ya mashine, na kila tone la jasho na mkojo husafishwa likanywewa tena. Msichana Asha ni mtunzaji wa jumba la makumbusho ya viumbe vilivyotoweka. Siku moja anapokea kifurushi cha udongo kisichotaja aliyekituma. Anaupima, anaukuta una unyevu na hauna sumu. Anatia ndani yake mbegu ya zamani iliyohifadhiwa hapo, nayo inaota. Anaomba ruhusa ya kutoka nje akautafute mahali ulikotoka udongo ule. Baraza linakataa, askari wanavunja makumbusho yake, naye anaadhibiwa kwa kukimbizwa juu ya mashine za umeme.

Tuliitazama baada ya Isha katika nyumba ya hapa Mohoro, kwenye kompyuta ya kupakata ya kijana wa nyumba hiyo aliyekuwa nyumbani kwa likizo. Alikuwapo bibi mwenye nyumba, wajukuu watatu, na ustadhi wa madrasa ya jirani ambaye alikuja kwa ajili ya kahawa na akakaa. Tuseme mapema kwa wazazi: mavazi ya ndani ya mji ule hayakushonwa kwa kufikiria sitara, na muziki upo. Mzazi aitazame kwanza peke yake, kisha aamue.

Bibi ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema. "Yaani jasho lake analinywa?" Ustadhi akacheka, lakini akalichukua swali lile kwa uzito, maana ni swali la fiqhi. Mwaka 1978 Baraza la Wanazuoni Wakubwa la Saudi Arabia lililijadili suala la maji taka yanayosafishwa kwa mitambo, likaamua kwamba yakisafishwa hata rangi, ladha na harufu ya najisi zisibaki, yanarudi kuwa twahara, na mtu anaweza kujitwahirisha nayo. Kwa kunywa, likaona ni bora kujiepusha, kwa kuchelea madhara ya afya. Kwa hiyo jambo tulilolidhania ni la kubuni, wanazuoni walikwisha kulikalia kikao kabla msichana huyu wa filamu hajabuniwa.

"Sawa," akasema bibi, "lakini sisi mwaka ule wa mafuriko tulikuwa na maji mpaka mlangoni, na mtoto tulimpa ya kunywa kwa kijiko."

Msomaji wa mbali atuwie radhi, tumweleze. Mohoro iko upande wa kusini wa delta ya Mto Rufiji. Ni hapa Wajerumani walipomnyonga Kinjikitile Ngwale, Agosti 1905, mtu aliyewaaminisha watu kwamba maji aliyowapa yangezizima risasi. Dawa yake si itikadi yetu, lakini ni kweli kwamba hapa kwetu maji yamekuwa jambo la kufa na kupona tangu zamani. Aprili 2024 mto ulivimba, ukafunika vijiji vya wilaya za Rufiji na Kibiti, Mohoro ikiwamo. Mashamba yalizama, nyumba zikaanguka, visima na vyoo vya shimo vikawa kitu kimoja. Juu ya chanzo chake na nani alaumiwe wameandika wengine, hatuingii huko. Tunachokikumbuka sisi ni mama amesimama ndani ya maji yanayomfika magotini, ameshika ndoo tupu. Sura hiyo na sura ya Asha jangwani, akilitikisa chupa lake kusikia kama kumebaki kitu, zinafanana kuliko mtu anavyoweza kudhani.

Kuna jambo jingine katika filamu hii ambalo wahakiki hulitaja kwa haraka, na sisi tunaona ndilo linalozihusu zaidi familia. Watu wa Maitu hawasemezani kwa midomo. Wanaandika kwenye mashine, na mashine inasema kwa niaba yao. Asha anabishana na wakubwa wake kuhusu uhai wa dunia nzima, na midomo yake imefungwa. Hata ndoto zimekatazwa: mtu akiota, chombo kinamshtua na kumwamuru ameze kidonge cha kuzuia ndoto. Hayo yalitungwa kabla simu za kisasa hazijaenea katika kila nyumba ya pwani hii. Tulipofika hapo tulitazama pembeni, tukamwona mjukuu mkubwa ana simu mapajani, anamwandikia mdogo wake aliyeketi mkeka huohuo. Hatukumsema. Bibi alimsema.

Sasa kasoro, maana zipo, na hatutaki kuwauzia mbuzi ndani ya gunia.

Ya kwanza ni nani aliyetuma udongo. Filamu inalifungua swali hilo vizuri kisha inalisahau. Ya pili, watu wengine wote ni vivuli tu. Isipokuwa yule mwanamke msafishaji wa maliwato, ambaye Asha alimgawia maji yake na baadaye ndiye anayemsaidia kutoroka. Wema ule mdogo uliorudi kwa mwenyewe ni mojawapo ya sehemu bora kabisa. Ya tatu, jina ni la Kiswahili, neno Maitu limetoka katika lugha ya Kikikuyu na maana yake ni mama, lakini maneno machache yanayosemwa ni ya Kiingereza. Tungependa kumsikia Asha akiota kwa lugha ya mama yake.

Kasoro kubwa zaidi, kwa maoni yetu, ni Baraza. Limefanywa kuwa gumu na kiziwi, basi. Halikupewa hoja. Watu wa Rufiji tunajua kwamba wakubwa wanaowafungia watu mahali kwa ajili ya usalama wao mara nyingi huwa wanayo hoja. Mwaka 1968 na 1969, katika Operesheni Rufiji, watu wa bondeni walihamishiwa vijiji vya nyanda za juu kwa sababu ya mafuriko. Hoja ilikuwapo, na mafuriko ya miaka ya karibuni hayaipunguzi nguvu. Lakini wazee nao walikuwa na yao: walijua kulima mlau, kupanda katika tope jipya kadiri maji yanavyorudi nyuma, na walijua kulala juu ya dungu kulinda mpunga. Maji yaliyowaua ndiyo yaliyowalisha. Kama Kahiu angeliacha Baraza liseme hivyo, na Asha ajibu hivi, dakika 21 zisingetosha, na tungekuwa na filamu kubwa. Hii aliyoitengeneza ni nzuri, na ni bora kuliko nyingi zilizotengenezwa kwa fedha mara elfu, lakini imesimama karibu na ukubwa bila kuuingia.

Mwisho wake ndio uliotuchelewesha kulala. Asha anatembea jangwani mpaka anapaona mahali pa kupanda. Anaufukia mzizi, anaumwagia maji yake ya mwisho, anaukamulia hata jasho lake, anaufunika kivuli kwa kitambaa chake, kisha analala pembeni yake na kufa. Kamera inapanda juu, mti unakua, na kwa mbali kidogo tunaona msitu ambao yeye hakuwahi kuuona.

Ustadhi hakuridhika. Akasema nafsi ya mtu ni amana, na Qur'ani imetukataza kujitupa katika maangamizi. Akaongeza jambo ambalo wengi tunalijua bila kulifikiria: msafiri mwenye maji kidogo anayeogopa kiu haruhusiwi kujihatarisha kwa kuyatawadhia, ayaweke ayanywe, na atayamamu. Ikiwa swala yenyewe imemlegezea mtu ili aishi, mche ni nani?

Bibi akanyamaza, akamimina kahawa. Kisha akasema, "Huo si mche, ustadhi. Hiyo ni mbegu ya mwisho. Mbegu hailiwi. Sisi tulilala njaa, na mpunga wa mbegu umening'inia darini tunauona."

"Kulala njaa si kufa, bibi."

"Wapo waliokufa."

Hapo ustadhi hakujibu, na sisi pia hatukuwa na la kusema.

Tulipokwenda nyumbani tuliikumbuka Hadithi aliyoipokea Imamu Ahmad katika Musnad yake kutoka kwa Anas bin Malik, Allah amridhie, ambamo Mtume (S.A.W.) anamwelekeza mtu ambaye Kiyama kimemkuta na mche mkononi kwamba akiweza kuupanda, basi aupande. Wengi wetu tumeisikia mimbarini siku za kupanda miti. Lakini ukiisoma sambamba na filamu hii, unaona tofauti ambayo filamu imeikosa. Mtu wa Hadithi hakuambiwa aufie mche. Dunia inaisha kwa amri isiyo yake, maji ya mwisho si yake kuyagawa, na mkono wake bado una kazi. Anaambiwa tu asiutupe. Asha amechukua hatua moja mbele ya hapo, na katika hatua hiyo tunamwelemea ustadhi. Hata hivyo maneno ya bibi hayajatutoka mpaka tunapoandika haya, kwa sababu yeye hakuyatoa katika filamu.

Tulirudi pale asubuhi kuchukua kofia tuliyoisahau. Yule mjukuu mdogo, binti wa miaka tisa, alikuwa nyuma ya nyumba na kopo la kutawadhia, anaunywesha mwembe mchanga uliopandwa baada ya mafuriko. Alikuwa amekwisha kumwaga kopo la tatu. Bibi alikuwa amesimama mlangoni.

"Basi, mwanangu, punguza," akamwambia. "Hapa si kwa Asha. Ukizidisha, utaoza mizizi."