Faini ya ulevi barabarani ikishalipwa, msiharakishe kurudisha funguo



Ndugu msomaji, katika nyumba zetu kuna jambo ambalo halizungumzwi mbele za watu, nalo ni la ndugu aliyekamatwa akiendesha gari huku amelewa. Habari ikifika nyumbani, swali la kwanza ni nani mwingine anajua. Swali la pili ni fedha. Mjomba anachangia, shemeji anakopa, mama anatoa hela yake ya upatu, faini inalipwa na kijana anarudi nyumbani. Haipiti wiki, yupo tena kwenye usukani. Jirani akiuliza anajibiwa kuwa ilikuwa kesi ndogo tu ya trafiki.

Sisi tunaokaa katika vyumba vya matibabu tunaona kuwa hapo familia inapoteza nafasi kubwa. Mtu kupatikana na hatia ya kuendesha akiwa amelewa ni dalili, kama ilivyo homa. Ukiipoza homa kwa kitambaa cha maji bila kutafuta kinachoileta, mgonjwa atazidiwa usiku.

Hukumu inachukua nini

Kwa mujibu wa Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, kiwango cha mwisho ni miligramu 80 za kilevi katika kila mililita 100 za damu. Anayetiwa hatiani kwa kuendesha akiwa amelewa anaweza kutozwa faini au kufungwa, na mahakama inaweza kumzuia kuendesha kwa muda.

Hayo ndiyo yaliyoandikwa. Yako mengine yanayofuata. Dereva wa daladala aliyezuiwa leseni, tajiri hamsubiri. Gari linapewa mtu mwingine siku hiyo hiyo. Aliyekuwa akipeleka hesabu kila jioni na kubakiwa na ya watoto, sasa anavizia deiwaka bila leseni, na akikamatwa tena kosa linakuwa la pili. Sera nyingi za bima nazo zina sharti linaloiwezesha kampuni kukataa kulipia gari la aliyeendesha akiwa amelewa. Gari la mkopo likiharibika namna hiyo, deni linabaki na gari halipo.

Walio na watoto au ndugu Uingereza wajue kuwa huko mambo ni mazito zaidi. Anayepatikana na hatia ya kuendesha akiwa amezidi kiwango huzuiwa kuendesha kwa muda usiopungua miezi 12 kwa kawaida, na akirudia ndani ya miaka 10 ni miaka 3. Kosa hilo hubaki kwenye kumbukumbu za leseni yake kwa miaka 11. Tangu Juni 2022, anayesababisha kifo kwa uzembe barabarani akiwa amelewa anaweza kupewa kifungo cha maisha.

Kwetu sisi Waislamu ipo hesabu nyingine ambayo karani wa mahakama haiandiki. Aliyeua bila kukusudia, Suratun-Nisaa aya ya 92 imeweka wazi yanayomlazimu: dia kwa warithi wa marehemu, ila wakisamehe, na kafara ya kumwacha huru mtumwa, au asiyeweza kufunga miezi miwili mfululizo. Ufafanuzi wake ni kazi ya masheikh. Lakini kila familia ielewe kwamba risiti ya faini haifuti haki ya yatima aliyeachwa barabarani.

Chai ya rangi haiondoi pombe

Wapo wanaodhani hatari ni ile saa ya kunywa tu. Pombe huondolewa mwilini na ini, na ini lina mwendo wake. Kwa wastani kilevi katika damu hupungua kiasi cha miligramu 15 kwa kila mililita 100 kwa saa. Kwa wengine ni 10, kwa wengine 20. Chai ya rangi, kahawa chungu, maziwa, supu ya pilipili au kuoga maji baridi haviongezi mwendo huo. Mtu anaweza kuchangamka usoni, lakini damu yake ni ile ile.

Chukua mfano wa mtu aliyeacha kunywa saa 6 usiku akiwa na miligramu 180. Ikifika saa 12 asubuhi bado anazo kama 90, yaani amezidi kiwango cha sheria. Amelala, ameoga, amevaa shati safi, na mkewe anamkabidhi watoto awapeleke shule. Hapo nyumbani hakuna anayemwita mlevi. Lakini macho yake yanachelewa kuona na mguu wake unachelewa kukanyaga breki.

Ndiyo maana nasema suala hili ni la kaya nzima. Mke anayejua mumewe alirudi vipi usiku ana haki ya kukataa kupanda gari asubuhi na kuwazuia watoto wasipande. Kufanya hivyo ni kulinda nafsi, wala si kumvunjia mumewe heshima.

Sitara ina mpaka

Najua jibu litakalokuja. Watu watasema Uislamu umetufundisha kumsitiri Muislamu mwenzetu. Ni kweli, na hakuna anayetaka jina la mtu litangazwe msikitini. Lakini sitara anastahili mtu ambaye aibu yake inaishia kwake. Yule ambaye kosa lake linaweza kumuua mpita njia anasitiriwa kwa kuondolewa kwenye usukani. Ukimficha na ukamwachia funguo, umesitiri jina lako na la ukoo, na umewaweka wazi watoto wa watu.

Wapo pia wanaosema kuwa pombe ni haramu kwa Qur'an, kwa hiyo kumpeleka mlevi hospitali ni kuufanya ulevi udhuru. Hapa panahitaji utulivu. Uharamu wa pombe hauna mjadala, Suratul-Maida aya ya 90 inatosha. Lakini mwili uliozoea pombe kwa miaka unabadilika, na mabadiliko hayo ni ya kitabibu. Katika Sahih Bukhari imepokewa habari ya mtu aliyeletwa kwa Mtume (s.a.w.) mara nyingi kwa ajili ya ulevi na akaadhibiwa. Mmoja wa waliokuwepo alipomlaani, Mtume (s.a.w.) alimkataza, akashuhudia kuwa mtu yule anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Adhabu ilitekelezwa, na mlango haukufungwa. Sisi mara nyingi tunafanya kinyume chake: adhabu tunainunua kwa faini, kisha tunabaki na matusi ndani ya nyumba.

Tufanye nini

Kwanza, kaeni na mhusika akiwa hajanywa, mumuulize kwa upole mambo manne. Je, amewahi kuona kuwa apunguze pombe? Je, hukasirika akisemwa kuhusu unywaji wake? Je, hujisikia vibaya kwa sababu ya kunywa? Je, hunywa asubuhi ili kutuliza mikono au kichwa? Matabibu hutumia maswali ya namna hiyo. Akijibu ndiyo kwa mawili au zaidi, kuna uwezekano mkubwa kuwa ana tatizo linalohitaji uchunguzi.

Pili, na hili naliomba sana, msimfungie chumbani aache kwa nguvu. Aliyezoea kunywa sana kila siku akikatishwa ghafla anaweza kupata hatari. Kutetemeka, kutoka jasho na kutapika huanza ndani ya saa chache. Ndani ya siku 2 za kwanza anaweza kupata degedege. Kati ya siku ya 2 na ya 4 anaweza kuchanganyikiwa, akaona wadudu au watu wasiokuwepo, homa ikapanda na moyo ukaenda mbio. Familia nyingi hapo husema ni majini, wakaita msomaji. Kisomo hakikatazwi, lakini asomewe akiwa njiani kwenda hospitali, maana hali hiyo inaua. Hospitalini kuna dawa za kumtuliza zinazopunguzwa kidogo kidogo, na vitamini B1 ya kulinda ubongo. Huduma zinapatikana katika hospitali kubwa zenye idara za afya ya akili, kama Muhimbili jijini Dar es Salaam na Mirembe mjini Dodoma.

Tatu, muda wa kuzuiwa leseni uheshimiwe nyumbani kama ulivyoheshimiwa mahakamani. Funguo zikae kwa mtu mwingine. Kama ni dereva wa biashara, mwenye gari aambiwe ukweli. Mtafutieni kazi isiyo ya usukani, hata ya dukani kwa mjomba, maana mtu asiye na shughuli hurudi kilabuni upesi. Serikali ilipiga marufuku pombe za viroba Machi 2017, lakini marufuku ya pakiti haiwezi kufanya kazi ya familia.

Nne, misikiti yetu iwe na watu wawili watatu wanaoaminika, wenye kufunga midomo, ambao mama au mke anaweza kuwafuata kabla polisi hawajapiga simu.

Mwenye fedha ya kumlipia nduguye faini amefanya wema. Wema huo ukamilike kwa kumshika mkono hadi kwa tabibu, na leseni ikirudi, arudishiwe funguo pale tu anapokuwa ameacha.

Wabillahi tawfiq.