Una Jina Mtaani Lakini Huna Chama? Bongo Hugombei

Wiki ya kuchukua fomu ikifika, kuna aina fulani ya staa lazima utamwona. Juzi alikuwa anaposti viatu vipya na misosi ya hotelini, leo katinga shati la kijani na kofia, kasimama nje ya ofisi ya chama na bahasha mkononi. Kwenye maoni anachanwa mpaka basi: njaa, kanunuliwa, kashuka kisanii. Msimu mwingine ni staa wa upande wa pili, kavaa kombati, naye anachanwa vilevile na wale wa kijani.

Kitu ambacho wachanaji huwa wanasahau ni kimoja: hana mlango mwingine. Katiba ya Tanzania, ibara ya 39 kwa urais na ya 67 kwa ubunge, inamtaka mgombea awe mwanachama wa chama cha siasa na apendekezwe na chama hicho. Sugu alipoingia bungeni kwa Mbeya Mjini mwaka 2010 na Profesa Jay kwa Mikumi mwaka 2015, walipita kwa Chadema. MwanaFA wa Muheza na Babu Tale wa Morogoro Kusini Mashariki walipita kwa CCM mwaka 2020. Mashabiki walikuwa wa kwao, jina la kwao, jasho la kwao. Tiketi ndiyo ilikuwa ya mwenye chama.

Na hapo ni mastaa, watu wenye namba za simu za wakubwa. Chukulia dada wa kawaida wa Mtendeni, pale Tabora mjini. Anauza asali, anajulikana nyumba kwa nyumba, msiba ukitokea yeye ndiye anayeshika daftari la michango, mtaro ukiziba yeye ndiye anayepiga kelele mpaka watu watoke na majembe. Mtaa mzima ukisema agombee uenyekiti wa serikali ya mtaa, jibu la sheria ni lilelile: chama gani? Akisema hana, mazungumzo yameisha. Sio kwamba ameshindwa kwa kura, hakufika hata kwenye kura.

Kinachochekesha, kama si kuuma, ni kwamba haya yanamkuta mtu wa Tabora. Mji huu ambao zamani ulikuwa kituo cha misafara ya Bagamoyo na Ujiji ndio uliopitisha uamuzi uliowaingiza wasio na chama kwenye historia ya uhuru wenyewe. Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake mkuu Tabora, na hoja ilikuwa moto: Waingereza wameleta uchaguzi wa kura tatu, yaani kila mpiga kura lazima amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wengi walitaka kususa. Nyerere akawashawishi waingie. Zuberi Mtemvu akakataa, akatoka na kuanzisha chama chake cha ANC.

Sasa sikiliza sehemu ambayo huwa inarukwa. Wakati ule TANU ilikuwa haipokei wanachama wasio Waafrika, na haikuwapokea mpaka mwaka 1963. Kwa hiyo kina Derek Bryceson, Amir Jamal, Sophia Mustafa na Lady Chesham walioshinda kwa kuungwa mkono na TANU hawakuwa na kadi ya TANU. Chama kiliwaangalia, kikaona wanafaa, kikawaombea kura. Uamuzi wa Tabora, ule unaoitwa wa busara, ulitembea kwa miguu ya wagombea wasio wanachama.

Kuna na ya Mbulu. Uchaguzi wa 1960, TANU ilichukua viti 70 kati ya 71. Hicho kimoja kilikwenda kwa Herman Sarwatt, mtu wa TANU huyo huyo, aliyesimama peke yake dhidi ya mgombea rasmi wa chama chake, na wananchi wakampa. Nchi haikupasuka. Mwaka uliofuata ikapata uhuru.

Mlango ukafungwa chama kimoja kilipoingia kwenye Katiba mwaka 1965. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 wengi walidhani umefunguliwa wote, kumbe umefunguliwa nusu: chagua chama unachotaka, ila lazima uwe nacho.

Mchungaji Christopher Mtikila hakukubali. Yule jamaa alikuwa na maneno makali, mengine hayafai kurudiwa, na wapo waliomchukulia kama kichekesho. Lakini fuatilia kesi yake uone. Mwaka 1994 Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu Dodoma alimpa ushindi: raia anaruhusiwa kugombea bila chama. Serikali ikakimbilia bungeni na kubadilisha Katiba ili kuziba pengo. Mtikila akarudi mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikampa tena. Serikali ikakata rufaa, na Juni 2010 majaji saba wa Mahakama ya Rufani, wakiongozwa na Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, wakasema hili ni jambo la kisiasa, likaamuliwe na Bunge. Yaani likaamuliwe na watu ambao kila mmoja wao yupo pale kwa hisani ya chama! (Kwa wanaopenda ubuyu: mwaka 2015 Jaji Ramadhani, akiwa amestaafu nafasi hiyo, alichukua fomu kuomba CCM imteue kugombea urais. Hakuteuliwa.)

Mtikila akavuka hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyoko hapo hapo Arusha, akiwa pamoja na Chama cha Wanasheria Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Juni 2013 wakashinda, na Tanzania ikaamriwa irekebishe sheria zake. Rasimu ya Katiba ya Tume ya Warioba ilimruhusu mgombea huru, lakini kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 haikufanyika. Oktoba mwaka huo Mtikila akafa kwa ajali ya gari, wiki tatu kabla ya uchaguzi. Novemba 2019 Tanzania ikajiondoa kwenye tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kwenda moja kwa moja kwenye mahakama ile. Mtikila mwingine akitokea leo, hata njia aliyopita yule wa kwanza haipo.

Matokeo yake Bongo tumebaki na siasa za kupanga chumba. Mkubwa akigombana na mwenye nyumba anahamia ya jirani na mabegi yake. Mrema alitoka CCM mwaka 1995 akahamia NCCR-Mageuzi na kupata zaidi ya robo ya kura. Lowassa akatoka mwaka 2015 akaenda Chadema, chama kilichokuwa kimemwita fisadi miaka yote, akapata kura milioni 6. Mwaka 2019 akarudi nyumbani CCM. Membe mwaka 2020 akapanga ACT-Wazalendo, na hapo uchaguzi haujafika viongozi wa chama wakawa wanamnadi mgombea urais wa Chadema, na yeye akibaki na kura chini ya asilimia 1. Hapo Tabora pia kuna mfano: Chifu Abdallah Fundikira wa Unyanyembe, waziri wa kwanza wa sheria wa nchi hii, alipotaka kusimama kivyake vyama vingi viliporudi, ilibidi ashiriki kuanzisha chama kizima, UMD. Kusajili chama unahitaji wanachama 200 katika kila mkoa kwenye mikoa isiyopungua 10. Dada wa asali wa Mtendeni atawatoa wapi?

Mpangaji naye hana usalama. Mbunge akifukuzwa uanachama, kwa sheria kiti kinaondoka. David Kafulila, mbunge wa Kigoma Kusini, alifukuzwa na NCCR mwaka 2011, akaokolewa na mahakama. Waliomchagua hawakuulizwa. Halafu kuna wale kina dada 19 wa viti maalumu waliofukuzwa na Chadema Novemba 2020 na bado wakakaa bungeni hadi mwisho. Sheria hiyohiyo, nchi hiyohiyo. Kila mtu amalizie mwenyewe.

Majirani wamejaribu, na ukweli usemwe, siyo asali tupu. Uganda, Bobi Wine aliingia bungeni mwaka 2017 kama mgombea binafsi kule Kyadondo Mashariki, kura zaidi ya 25,000 wakati wa NRM hakufika 5,000. Msanii, ghetto, hana chama, kapita. Kenya wanaruhusu tangu Katiba ya 2010. Wagombea binafsi watatu wa urais mwaka 2017 hawakufika asilimia 1 hata ukiwajumlisha. Kawira Mwangaza wa Meru alishinda ugavana mwaka 2022 bila chama, lakini akajikuta hana watu wake kwenye bunge la kaunti. Wakampigia kura ya kumtoa mara tatu, na ya tatu ikapita Seneti. Kushinda bila chama ni jambo moja, kuongoza bila chama ni ngoma nyingine.

Marekani ndiyo kabisa. Ross Perot, bilionea, alipata karibu asilimia 19 ya kura mwaka 1992 na hakupata jimbo hata moja. Kanye West na umaarufu wake wote aliambulia takriban kura 70,000 mwaka 2020. Wanaoogopa kwamba mgombea binafsi ataleta mastaa Ikulu wamtazame Kanye kwanza.

Hofu yenye uzito ni ya pesa, kwamba tajiri atanunua watu bila kupitia kikao chochote. Sawa, lakini nani asiyejua kinachozunguka usiku wa kura za maoni ndani ya vyama? Tajiri tayari yupo ndani. Anayebaki nje ni asiye na hela.

Na chujio lipo, wala halihitaji kubuniwa. Mgombea urais wa chama leo anatakiwa kutafuta wadhamini 200 katika kila mkoa kwenye mikoa 10, miwili ikiwa ya Zanzibar. Mgombea binafsi naye apewe mzigo huohuo. Kwa mwenyekiti wa mtaa itoshe sahihi za majirani hamsini. Yule dada wa Mtendeni atazipata kabla ya adhuhuri, na daftari la misiba tayari analo.