Jina la Mama Limo Daftarini



Agosti iliyopita nilikuwa nyumbani, upande wa Konoin. Jioni moja mama alinituma dukani nimletee kiberiti. Duka lenyewe ni chumba kimoja cha mabati, hatua chache kutoka kituo cha kununulia majani ya chai. Mwenye duka, mama wa makamo, alikuwa ameinamia daftari nene ambalo kurasa zake zimevimba kwa kushikwashikwa. Wateja watatu walionitangulia hawakutoa hata shilingi. Wa kwanza alichukua unga, wa pili akapimiwa mafuta ya kupikia, wa tatu akakatiwa kipande cha sabuni. Kila mmoja alitaja jina la nyumba yao, likaandikwa, akaaga akaenda zake.

Nilimuuliza watalipa lini. "Majani yakiingia," akasema. Na wakishindwa kumaliza? "Basi tunangoja bonasi."

Wengi wetu tulikulia katika maneno hayo mawili. Mkulima wa chai anachuma mwezi mzima, malipo ya kilo zake yanakuja mwezi unaofuata, na kile kinachoweza kulipa karo au kuezeka nyumba hakiji mpaka kiwanda kifunge hesabu zake za Juni na bonasi itangazwe, kwa kawaida kufikia Oktoba. Katikati hapo watu wanakula, watoto wanakwenda shule, wagonjwa wanapelekwa kliniki. Anayewavusha ni mwenye duka mwenye daftari. Hatozi riba, hadai hati ya shamba. Anakujua wewe na anamjua baba yako. Bonasi ikiwa ndogo, kama wakulima wa Kericho na Bomet walivyolalamika mara nyingi wakijilinganisha na wenzao wa mashariki ya Bonde la Ufa, pengo la kwanza linaonekana kwenye daftari hilo kabla ya kuonekana popote pengine.

Jina la mama yangu limo humo tangu nikiwa shule ya msingi. Lakini siku niliyowasili nilisimama mjini kwenye supamaketi, nikajaza gari sukari, unga, mchele na mafuta, nikapita mbele ya duka lile bila kupunguza mwendo. Pesa taslimu, ambazo ndizo adimu kijijini, niliziacha mjini. Yule mwenye duka nilimwachia wateja wa mkopo.

Naandika haya kwa sababu najua si mimi peke yangu. Wakenya tulio ng'ambo tulituma nyumbani karibu dola bilioni 5 mwaka 2024. Tunatuma kwa moyo, na kwa M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, shilingi inamfikia mama kabla hatujamaliza kuongea naye. Hata hivyo, kutuma ni jambo moja na kununua ni jingine. Tunayemtumia tunamsaidia mwezi huo. Tunayenunua kwake anaagiza bidhaa zaidi na kumwajiri kijana wa kumsaidia, na anapata nguvu ya kuendelea kuwakopesha majirani zetu.

Nitaambiwa kwamba dukani kijijini bei iko juu. Mara nyingine ni kweli, kwa shilingi chache. Mwenye duka ananunua katoni mbili pale supamaketi inaponunua lori zima, tena bei yake imebeba madeni ya kijiji. Wengine watasema duka kubwa ndilo la uhakika. Sisi wa Bonde la Ufa tumeona wenyewe: Nakumatt na Tuskys, zote zilizochipuka upande wa Nakuru, zilikua mpaka zikatapakaa nchi nzima, kisha zikaanguka na kuwaacha waliozipelekea bidhaa wakidai mabilioni. Ukubwa haukuwa kinga.

Lakini pesa nyingine nyingi za ng'ambo zinakwenda kwenye nyumba. Kutoka Litein hadi Sotik na Bomet utaona kuta zinazopanda polepole, na mwenyewe yuko Minnesota au London. Saruji, mabati na misumari mara nyingine vinaagizwa Nairobi kupitia ndugu au dalali, na sote tumesikia jinsi hesabu za aina hiyo zinavyoweza kuharibu udugu. Katika kila soko letu yupo muuza vifaa vya ujenzi anayeweza kukutumia picha ya risiti na ya mzigo ukishushwa. Yupo pia seremala anayejua mbao zipi zinastahimili mvua yetu. Jina lake jema linategemea kazi hiyo moja, maana ataishi karibu na nyumba yako maisha yake yote.

Na chai yenyewe? Viwanda kama Mogogosiek, Kapset, Kapkoros, Litein na Momul ni mali ya wakulima wadogo, wazazi wetu wakiwa wenye hisa. Chai yao nyingi inauzwa kwa jumla kwenye mnada wa Mombasa, inachanganywa na nyingine ughaibuni, kisha tunainunua huku ikiwa kwenye boksi lenye jina la mtu mwingine. Hata neno Kericho likiandikwa kwenye pakiti, halikuambii nani anamiliki kilichomo ndani. Geuza pakiti usome imefungwa wapi na nani. Wapo vijana kwetu walioanza kusindika na kufunga chai kwa mikono yao, na wanachokosa ni wanunuzi wa kudumu. Familia ishirini zikiagiza kwa pamoja, gharama ya kusafirisha inagawanyika na kijana anapata oda ya kueleweka.

Niongeze neno kuhusu sotet, kibuyu chetu cha mursik, yaani maziwa yaliyochachushwa. Kila harusi na kila koito, sherehe ya mahari, tunayofanya huku tunataka kibuyu hicho kilichopambwa shanga, na kila anayekwenda likizo anatumwa akilete. Mama anayekitengeneza hupanda mbegu, hungoja kibuyu kikomae, hukikausha, hukisafisha, kisha hushona ngozi na shanga usiku baada ya kazi za shamba. Tukimfikia tunabishana naye bei utadhani tunanunua ng'ombe. Tafadhalini, mlipeni anachosema.

Desemba inakaribia na wengi mna tiketi tayari. Nawaomba mwende na masanduku mepesi. Sukari, unga, zawadi za watoto na mabati ya jiko la mama, vyote nunueni sokoni kwenu, kwa pesa taslimu. Na kabla hamjaondoka, piteni dukani muulize deni la nyumbani kwenu limefika ngapi.

Mimi nililipa la mama jioni ile ile. Lilikuwa dogo kuliko nilichotumia siku moja pale supamaketi.