Porti zimejaa, au mifuko ndiyo haijajaa?

WALALAHOI wenzangu, kuna wimbo mmoja wauza intaneti ya faiba hapa Dar es Salaam wameukariri mpaka wanauimba usingizini: "Porti zimejaa." Ukienda ofisini kwao, zimejaa. Ukipiga simu, zimejaa. Lakini jirani yako mwenye gesti akimwita fundi pembeni na kumpa "ya maji", kesho yake asubuhi waya unavutwa! Kulikoni? Porti imezaliwa usiku?

Yamenikuta mwenyewe. Mimi na vijana wenzangu wawili tulikodi chumba Mwananyamala, tukitaka kufungua kibanda cha kuhariri video na kuchezesha gemu. Kisanduku cha faiba kipo kwenye nguzo, hatua kumi na tano tu kutoka mlangoni. Tukaambiwa kina matundu 8 na yote yana watu. Tukalipa pango la miezi mitatu tukingoja, mtaji ukaisha, mwenzetu mmoja akarudi kuendesha bodaboda ya mtu. Baadaye fundi mmoja, alipokwisha kushiba chipsi zetu, akatutobolea siri: katika yale matundu 8, matatu ni ya wapangaji waliohama zamani. Waya zao bado zimechomekwa, hakuna anayelipa, na hakuna aliyewafuta kwenye daftari.

Hapo ndipo penye ulaji. Hesabu ya porti ikikaa kwenye daftari na kichwani mwa fundi, fundi ndiye serikali. Anayejua peke yake tundu lipi limekufa, huliuza peke yake. Na wala msimtupie lawama yeye tu. Bosi anayemwachia daftari hilo, huku akitembelea shangingi, ndiye aliyefungua hilo duka.

Sasa ngoja niwaambie jambo ambalo wakubwa hawapendi mlijue: kazi hii ya kuhesabu inaweza kufanywa na mashine, na teknolojia yake si ngeni.

Faiba ya majumbani inaanzia kwenye mtambo mkubwa ambao mafundi huuita OLT. Porti moja ya mtambo huo hutoa mwanga, mwanga ukagawanywa na kifaa kinachoitwa splita, ukafika kwenye nyumba 32 au 64. Kila modemu iliyo nyumbani ina namba yake, na OLT inaijua. Inajua imewashwa au imezimwa, na hata nguvu ya mwanga inaopokea inaweza kupimwa. Kompyuta ikiuliza mtambo kila baada ya dakika chache, inapata orodha nzima bila kumbembeleza mtu.

Watajitetea kwamba splita haina umeme, kwa hiyo haiwezi kusema tundu lipi lina waya na lipi halina. Hapo wana ukweli, lakini ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni hii: bandika alama ya kupiga picha kwa simu kwenye kila tundu, na fundi asiweze kufunga kazi mpaka apige picha tundu alilochomeka pamoja na modemu aliyoifunga. Kisha kompyuta ilinganishe orodha hizo mbili. Modemu ikiwa kimya siku 60 na bili hailipwi, fundi atumwe akakague, tundu lirudi sokoni. Modemu ikiwaka bila kuwamo kwenye orodha, basi mwizi amejitaja mwenyewe! Mwaka 2016 ulitolewa hata mwongozo wa kimataifa, ISO/IEC 18598, wa mitambo inayofuatilia yenyewe waya gani umechomekwa wapi.

Mashine haitaongeza porti hata moja, hilo nakubali. Lakini itaonyesha wapi zimejaa kweli, kampuni ikaongeze visanduku, na wapi zimejaa mdomoni tu.

Nao wenye nchi yao, kuhesabu wanaweza sana wakitaka. Mwaka 2013 TCRA ilizindua mtambo wa TTMS wa kufuatilia mawasiliano ya simu, ili mapato ya serikali yasipotee. Julai 2021 walituletea tozo za miamala, wakatukata mpaka senti ya mwisho. Na Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima. Nchi nzima kuzimwa inawezekana, kuhesabu matundu 8 kwenye nguzo ya Mwananyamala haiwezekani? Wanatuona mabwege?

Wazee wetu walisota miaka wakingoja simu ya mezani, enzi za Shirika la Posta na Simu kabla halijagawanywa mwaka 1994. Mwenye mjomba ofisini alipata, asiye na mjomba alisubiri. Leo waya umebadilika, mjomba ni yule yule.

Ramani za kuonyesha faiba imepita wapi nimeziona, zina rangi nzuri. Ya kuonyesha kisanduku cha mtaani kwangu kimebakiwa na porti ngapi, sijaiona. Basi TCRA, wanaotoa takwimu za mawasiliano kila robo mwaka, waziamuru kampuni ziweke hesabu hiyo hadharani, kisanduku kwa kisanduku, ikibadilishwa na mashine na siyo na karani. Pia maombi yapangwe kwa tarehe, na kila mwombaji aone yeye ni wa ngapi.

Nanyi vijana, mkiambiwa "zimejaa" msiondoke kimya kama kondoo. Soma namba ya kisanduku pale kwenye nguzo, dai jibu la maandishi: porti ngapi, zinazolipiwa ngapi? Wakikataa, pelekeni barua TCRA, na nakala mtuletee hapa gazetini.

Anayeficha hesabu ana lake jambo.